Nani Amwambie Mwenye Shaba?

Mwaka 44 kabla ya Kristo, miezi michache baada ya Julius Caesar kuuawa, Cicero alimwandikia mwanawe, aliyekuwa masomoni Athens, kitabu kuhusu wajibu wa mtu mwema. Kitabu kinaitwa De Officiis. Katika sehemu yake ya tatu kuna swali fupi ambalo limenikaa kichwani tangu nilisome. Mtu anauza dhahabu huku akidhani anauza shaba ya njano. Mnunuzi anajua kwamba ni dhahabu. Je, mtu mwema amwambie muuzaji, au anyamaze na kununua kwa denari moja kitu chenye thamani ya denari elfu moja?

Cicero hakulileta swali hilo kama kitendawili cha kujifurahisha. Alikuwa akisimulia ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Kwa Diogenes, kunyamaza si kudanganya: muuzaji atimize yale sheria inayomtaka, mengine mwenzake ajitafutie. Kwa Antipater, binadamu wote wana undugu, na ukimficha nduguyo jambo linalomhusu ili wewe upate faida, umemdhulumu. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Hoja yake ni kwamba si kila ukimya ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa, kwa sababu wewe unakula kwenye ujinga wake.

Nasoma shahada ya uzamili katika akiolojia, na swali hili nimelikuta nyumbani likiwa limegeuzwa juu chini. Kwetu Mazingara, wilayani Handeni, sijawahi kumwona mtu mwenye dhahabu anayedhani ana shaba. Niliowaona ni watu wenye shaba wanaodhani wana dhahabu. Cicero hakuuliza kuhusu hao. Anayejua ukweli afanye nini mbele yao?

Kila aliyekulia Tanga amesikia habari za mali za Mjerumani. Husemwa kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita walizika masanduku chini ya mibuyu, kando ya maboma, katika mashamba ya mkonge, na kuacha alama ambazo wajukuu zao watakuja kuzisoma. Ukienda Korogwe utasikia hadithi hiyohiyo, imebadilishwa tu jina la mti. Kwa sababu hiyo sarafu kuukuu haiitwi sarafu. Inaitwa rupia, hata kama si rupia, na neno hilo linapotamkwa watu hupunguza sauti.

Mjomba wangu alipata yake akichimba shimo la choo. Siku chache baadaye walifika vijana wawili kutoka mjini waliojiita wapimaji. Waliitazama, wakanong'onezana, wakamwambia hii si ya Mjerumani, ni kubwa kuliko hiyo: ni ya Warumi, ya tangu enzi za Yesu, na lile taji linaloonekana kwa mbali ni taji la Kaisari. Mnunuzi yupo, yuko nje ya nchi, anatoa mamilioni. Kinachohitajika ni laki sita ya dawa ya kupimia. Mpaka hapo, masharti yalikuwa matatu: asiioshe, asiipime kwenye mizani, asimwonyeshe mtu.

Nilipofika likizo alikuwa ameshauza mbuzi wawili na anazungumza na jirani amkodishie shamba la mahindi kwa misimu mitatu. Sharti la tatu alilivunja kwa ajili yangu tu. Alinifungulia kitambaa akasema, "Mjomba, wewe ndiye unayesoma mambo ya kale. Itazame."

Niseme kwanza kwamba dai la wale vijana, kama dai, halikuwa la kuchekwa. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinaeleza pwani yetu mpaka soko liitwalo Rhapta. Kinataja mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo vilivyoletwa huku. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata shanga za Kirumi katika eneo la delta ya Rufiji. Periplus hiyohiyo inasema kwamba shaba ya njano ilipelekwa katika bandari ya Adulis, iliyopo Eritrea ya leo, na watu wa huko waliitumia kwa mapambo na kuikata vipande vipande wavitumie kama fedha. Kwa hiyo shaba ya Kirumi ilifika Afrika Mashariki, na ilifika ikiwa fedha. Anayesema haiwezekani kabisa hajasoma.

Lakini "inawezekana" ni neno pana sana. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aitwaye Morry Isenberg aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Sarafu husafiri mfukoni mwa yeyote, hudondoka popote, na inaweza kufika mahali ambapo waliyoitengeneza hawakuwahi kupasikia. Kwa hiyo huwezi kuitambua sarafu kwa kuuliza kama inawezekana kuwa hapa. Unaiuliza yenyewe.

Sarafu ya shaba ya Kirumi ina majibu yake. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, shaba, kwa metali mbili ambazo Warumi walizitofautisha kwa uangalifu. Mnunuzi wa vyuma chakavu pale barabarani naye anazitofautisha: kuna shaba nyekundu, ambayo ni shaba tupu, na kuna shaba ya njano, iliyochanganywa na zinki. Warumi hawakuijua zinki kama metali ya peke yake. Walikuwa wakichoma shaba nyekundu pamoja na mawe yenye zinki ndani ya vyungu vilivyofungwa, mvuke ukaingia katika shaba na kuigeuza njano kama dhahabu. Wakaiita orichalcum.

Mnamo mwaka 23 kabla ya Kristo hivi, Augustus alipanga upya fedha za dola yake. Sestertius, sarafu kubwa yenye uzito wa gramu 25 hivi, na dupondius, nusu yake kwa thamani, zikawa za shaba ya njano. As, robo ya sestertius, ikawa ya shaba nyekundu. Hapo pana jambo la kufikirisha. Dupondius na as zinakaribiana sana kwa ukubwa, lakini ya njano ilikuwa na thamani mara mbili ya nyekundu. Leo ukienda na vipande hivyo kwa mnunuzi wa chakavu, atakulipa zaidi kwa nyekundu. Metali haikubadilika, makubaliano ya watu ndiyo yaliyobadilika.

Sarafu zikiwa mpya, rangi ilitosha kuzitofautisha. Zikichakaa zote huwa kahawia. Huenda ndiyo sababu tangu zama za Nero mfalme kwenye dupondius alizidi kuchorwa akiwa amevaa taji la miali, kama jua linalochomoza kichwani, na kwenye as akavaa shada la majani. Leo anayetambua sarafu hizo huanza hapo: kuna kichwa cha mtu? Kimevaa nini? Pembeni kuna herufi, IMP, CAES, AVG? Upande wa pili kuna S na C, alama ya azimio la Seneti, ambayo sarafu za shaba zilibeba kwa karne nyingi? Ukingo haulingani, kwa kuwa kila moja iligongwa kwa nyundo na mkono? Uzito ni kiasi gani? Na kuna tarakimu? Maana Mrumi hakuandika mwaka kwa tarakimu tunazotumia sisi.

Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayohitaji dawa kutoka nje ya nchi. Zinahitaji maji safi, brashi laini, mwanga na mizani ya dukani.

Ningeweza kumwambia mjomba jibu papo hapo, kwa kuwa nililijua karibu mara tu nilipoishika. Badala yake nilimwomba tuvunje masharti mawili yaliyobaki, yeye akiwa ndiye mwenye mikono. Aliiloweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, akaisugua taratibu kwa mswaki wa zamani, bila ndimu wala mchanga, kwa sababu hata sarafu ya bei ndogo haistahili kuchubuliwa. Nilimweleza dalili za Kirumi moja baada ya nyingine, kisha nikamwachia atafute. Alitafuta kichwa cha Kaisari, hakukiona. Taji lilikuwepo, lakini halikuwa juu ya kichwa cha mtu. Lilikaa peke yake. Chini yake akasoma kwa sauti: D, O, A. Kisha tarakimu, ambazo mtu aliyemaliza darasa la saba hahitaji kusomewa na msomi yeyote: moja, tisa, moja, sita. Akaigeuza. Ishirini. Kisha akasoma neno la upande ule, polepole, mara mbili: "Heller." Akaninyanyulia macho. "Hela?"

Hela. Ilikuwa heller 20 ya mwaka 1916, iliyotengenezwa Tabora, ndiyo maana ina herufi T. Hata msomi asingewacheka waliozichanganya: ni shaba ya njano, upana wake unakaribia milimita 29, ukubwa uleule wa dupondius, ina taji, na imegongwa kwa zana hafifu kiasi kwamba inaonekana kuukuu kuliko umri wake.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga, alisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini na kuendelea na kazi. Kisha mjomba akasema neno ambalo sijalisahau: "Umenifungua macho ukanifungia mlango."

Kuna jibu rahisi kwa maneno hayo: mlango wenyewe haukuwepo, ulichorwa ukutani. Jibu hilo ni la kweli na halitoshi. Kwa wiki kadhaa mtu yule alikuwa ameishi akiwa na kesho. Alikuwa amepanga bati za nyumba, ada ya mjukuu, tanki la maji. Sisi wenye shahada tuna kesho zetu zilizoandikwa kwenye karatasi, tukapata wepesi wa kuwadharau wanaozitafuta ardhini. Rafiki yangu mmoja chuoni aliniambia wazi kwamba ningemwacha. Tumaini ni dawa, na si kazi ya akiolojia kuwanyang'anya maskini ndoto. Nimeifikiria hoja hiyo kwa heshima, na naona inavunjika mahali pamoja. Ndoto ile haikuwa ya bure. Ilikuwa na bei, na bei yake ilikuwa shamba. Kama ukimya wangu ungemgharimu usingizi tu, tungeweza kubishana. Ungemgharimu mahindi ya misimu mitatu.

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba ukweli lazima usemwe. Hapa ndipo swali la Cicero linaponisaidia kwa kugeuzwa. Katika mfano wake kuna mjuzi mmoja na asiyejua mmoja. Katika kisa cha mjomba wapo wajuzi wawili wanaoshindana: wapimaji wa mjini na mimi. Wao walisema ni ya Kirumi, tuamini. Mimi ningeweza kusema si ya Kirumi, niamini. Kwa mtu aliyekaa katikati, sentensi hizo mbili zina umbo moja. Wote tumevaa viatu vizuri, wote tunatumia maneno asiyoyajua, wote tunataka afanye uamuzi kwa kutegemea vichwa vyetu. Kama angenikubali kwa sababu tu mimi ni mpwa wake na niko chuo kikuu, angekuwa amepata bahati; asingekuwa amepata ujuzi. Siku nyingine, akija mwenye viatu vizuri zaidi, angemwamini huyo.

Wala watu wetu hawana deni la kuwaamini wasomi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, kwa jasho la mamia ya wafanyakazi wa huku, na mifupa hiyo imesimama katika jumba la makumbusho la Berlin mpaka leo. Mtu akisikia habari hiyo halafu akamwona mwanafunzi wa akiolojia akiomba kutazama kitu chake, ana haki ya kukaza kitambaa.

Kwa hiyo nimefikia kuamini kwamba wajibu wa anayejua ni kutoa jibu pamoja na njia iliyolifikia jibu hilo. Hii ndiyo tofauti pekee kati ya mpimaji na tapeli ambayo mwenye mali anaweza kuiona kwa macho yake. Tazama yale masharti matatu: usiioshe, usiipime, usionyeshe. Yote yanamkataza mwenye sarafu kuijua sarafu yake. Uongo hauwezi kuishi bila masharti ya namna hiyo. Ukweli unaishi vizuri kwenye bakuli la maji mbele ya familia nzima. Anayekwambia "niamini" na kukukataza kutazama amekwisha kujitambulisha, awe na shahada au asiwe nayo.

Kuna jambo jingine ambalo wapimaji hawakumwambia mjomba, nami nilimwambia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu ya kale inayolindwa. Aliyekipata anatakiwa kutoa taarifa. Kukiuza kiholela au kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Maana yake ni kwamba kama wale vijana wangekuwa wanasema kweli, biashara waliyompangia ingemfikisha mahakamani. Sarafu ya Kirumi isingekuwa ya kwake kuiuza. Heller ya 1916 ni yake.

Aliuliza, kama ambavyo ungeuliza wewe: ni bei gani? Nilimjibu kwamba wakusanyaji wa sarafu hulipa fedha ya kawaida, si ya kujengea nyumba, kwa sababu nyingi zilitengenezwa. Yenye bei kubwa ni dada yake wa dhahabu, rupia 15 ya Tabora ya mwaka huohuo yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa kwa dhahabu ya Sekenke, vipande takriban 16,000 tu. Nadhani ni huyo tembo aliyezaa nusu ya hadithi za mali za Mjerumani.

Lakini nilikataa mazungumzo yaishie kwenye bei, na hapa nadhani wajibu wa anayejua una sehemu ya pili. Ukimwambia mtu kwamba kitu chake si dhahabu halafu ukanyamaza, umemwachia takataka mkononi. Kitu hakiwi takataka kwa kutokuwa dhahabu. Unadaiwa kumwambia ni nini.

Sarafu ile ipo kwa sababu manowari za Uingereza ziliziba bahari, fedha kutoka Ujerumani zikashindwa kufika. Serikali ya kikoloni ikajitengenezea zake kwenye karakana ya reli huko Tabora, kwa shaba iliyoweza kupatikana, ili iendelee kuwalipa askari na wapagazi na kununua chakula. Juni 1916 Waingereza waliingia Korogwe na Handeni. Septemba 1916 Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Fedha ile ilikuwa ahadi ya serikali inayokimbia. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa njaa na maradhi, wakibeba mizigo ya pande zote mbili. Kisha wakoloni wapya wakaleta fedha yao, na kuanzia miaka ya 1920 watu wakahesabu kwa shilingi. Aliyekuwa ameficha heller alibaki na jasho lililogeuka kuwa kipande cha chuma.

Mtu fulani, basi, alilipwa ile sarafu. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya kweli na ahadi aliyopewa ilikufa. Huenda aliizika, huenda ilimdondoka. Mjomba aliposikia hayo alisema, "Kwa hiyo na yeye walimwambia itakuja kuwa na thamani." Sikuwa na la kuongeza.

Shamba halikukodishwa. Mbuzi hawakurudi. Wapimaji walipiga simu mara mbili, mjomba akawauliza kama wanaweza kumsomea ule mwaka uliopo chini ya taji, na hawakupiga tena. Jirani mmoja ameshamletea yake aitazame, naye ameitazama kwa bakuli, mswaki na maji.

Cicero alitaka mtu mwema asimwache mwenzake auze dhahabu kwa bei ya shaba. Mimi ningeongeza kwamba asimwache pia anunue ndoto ya dhahabu kwa bei ya shamba, na akimzuia, asimwache mikono mitupu. Neno tunalolitumia kila siku, hela, limetoka kwenye sarafu hizo za heller zilizoingizwa mwaka 1904. Serikali iliyozitoa imekufa, thamani yake imekufa, na jina lake tunalitamka tukinunua chumvi. Hicho ndicho alichokuwa nacho mjomba kwenye kitambaa: kipande cha neno lake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwambia.